Vibua wa Kuchoma na Nguru wa Moshi, Juu ya Nyumba Lamu

Mwaka mmoja, katikati ya kaskazi, nilinunua sehewa wawili gatini asubuhi. Walikuwa wamenyooka kama rula, damu bado mbichi kwenye matamvua. Nikawatia kikapuni bila barafu, kwani nyumbani si mbali. Kwenye Usita wa Mui nikakutana na mtu niliyesoma naye, tukakaa barazani. Muuza kahawa akapita, tukanywa kikombe, tukanywa cha pili, habari za watoto, habari za harusi. Nilipopanda ngazi za nyumbani, adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa. Jioni niliwapasua, nikawatia chumvi, nikawatia moshi, wakatoka na rangi ya asali na harufu ya kumfanya jirani achungulie.

Usiku tulikuwa wanne kwenye sinia. Haikupita nusu saa ndugu yangu akasema ulimi wamuwasha kana kwamba nimetia pilipili, na sikutia. Uso na shingo vikamwiva. Mama akashika kifua, moyo ukimwenda mbio. Mimi kichwa kilinigonga hadi nikashindwa kutazama taa. Daktari wa zamu hakutaka kujua samaki tulimpikaje. Aliuliza tu: "Alikaa muda gani bila barafu?"

Sumu ile ina jina, histamini. Nyama ya jodari, sehewa, nguru na vibua ina histidini kwa wingi, na samaki akikaa kwenye joto bakteria huigeuza ikawa histamini. Ikishafanyika haitoki. Moto hauiwezi, moshi hauiwezi, ndimu, chumvi wala friza havifui dafu, na samaki anaweza kuwa nayo tele bila kunuka. Changu akichelewa hukwambia kwa harufu kwamba amechelewa. Sehewa hukungoja kwenye sinia. Ndiyo maana mwongozo huu wa moto unaanzia kwenye barafu, na kama una haraka ya kuruka sehemu, ruka nyingine yoyote, si hii.

Kununua, na safari ya kufika nyumbani

Nenda na chombo chako. Deli dogo ni bora, lakini ndoo yenye mfuniko iliyozungushiwa gunia lililoloweshwa pia yafaa. Hesabu kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Kwa joto letu chini ya hapo ni kujidanganya. Ivunje barafu ndogo ndogo ndani ya gunia kwa mchi, maana bonge kubwa humgusa samaki mahali pamoja tu. Tandika barafu chini, laza samaki, mfunike kwa barafu nyingine, na maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea ili samaki asiogelee kwenye damu yake. Unalotaka ni nyama ibaki karibu na nyuzi 0, na kwa vyovyote isipande juu ya nyuzi 4.

Muulize mvuvi samaki walipanda chomboni saa ngapi na kama chomboni kulikuwa na barafu. Wengi watakwambia kweli ukiuliza kwa adabu. Asubuhi ya bahari shwari ya kaskazi vyombo huenda mbali na kurudi na samaki wakubwa, na huo mwendo mrefu ndio unaotakiwa kuuhofia. Wakati wa kusi bahari huchafuka, wengi huvua karibu, na samaki waweza kuwa wachache lakini waliovuliwa muda si mrefu.

Ami yangu, aliyevua kwa mshipi miaka mingi kabla ya mgongo kumkataa, alikuwa na neno moja kila tukienda naye gatini: "Tazama mato." Mato, kwa Kiamu, ni macho. Yawe yametuna na kung'aa kama kioo. Yakiwa yamezama na yana utando wa maziwa, mrudishe. Fungua shavu uone matamvua, yawe mekundu na si rangi ya matofali. Mshike kichwa umwinue: kibua wa leo hukaa mlalo kama kijiti, wa jana huning'inia. Bonyeza tumbo kwa kidole, shimo lijifute lenyewe. Harufu iwe ya bahari tu. Kumbuka lakini kwamba alama zote hizi huonyesha umri wa samaki, hazionyeshi histamini. Jibu la swali la barafu ndilo lenye uzito zaidi.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni vibua. Wanne au watano hufika kilo, mafuta wanayo ya kutosha, na ukimuunguza mmoja hujapata hasara ya kukunyima usingizi. Nguru ni wa moshi: nyama yake ni ya mapande, miba michache, na moshi humkaa. Jodari na sehewa ni watamu lakini hukauka upesi, dakika mbili za ziada na unatafuna pamba. Mkizi mnene ni mzuri kwa moshi kuliko watu wanavyofikiri. Mwatiko ana mafuta mengi na miba mingi zaidi. Huyo mwachie mwenye subira na meno yake.

Kupaa na kupasua

Fanya kazi hii juu ya barafu, yaani mtoe mmoja, mmalize, mrudishe, umtoe mwingine. Usiwapange wote ubaoni.

Kibua mpae kwa mgongo wa kisu kutoka mkiani kwenda kichwani, magamba yake ni madogo na hutoka bila kelele. Nguru hana magamba ya kukusumbua. Pasua tumbo kutoka tunduni hadi chini ya kidevu, toa matumbo pamoja na matamvua kwa mvuto mmoja. Kisha kuna ule mstari wa damu nyeusi uliojibana kwenye uti, ndani ya tumbo. Wengi huuacha. Ukwangue kwa ncha ya kijiko mpaka uone mfupa mweupe. Hapo ndipo uchungu unapokaa, na hapo ndipo samaki anapoanza kuoza. Mwoshe mara moja kwa maji safi ya baridi, mkaushe kwa kitambaa. Samaki mlowevu hachomeki, hutokota.

Nimeona watu wakiosha samaki kwa maji ya bahari pale pale ukingoni. Bahari ya nje sawa. Ukingoni, ambapo mitaro ya mji inamwaga, sikushauri.

Na paka. Anayeishi Lamu hahitaji kuelezwa. Paka wa mji huu hujua siku ya samaki kabla hujafika nyumbani, na mmoja wao aliwahi kuburura nguru mzima hadi kwenye paa la jirani huku mimi nikitafuta kisu. Tafuta mfuniko mzito, uweke jiwe juu. Matumbo wape wao, si mtaroni, mtakuwa mmeelewana.

Kibua wa kuchoma mwache na kichwa. Mchanje mara tatu kila upande, mshazari, mpaka kisu kiguse mfupa. Kibua wa moshi mpasue kwa mgongoni, tumbo libaki limeshikana, umfungue kama kitabu, vile wanavyofunguliwa ng'onda. Nguru mkate vipande vya unene wa sentimita 2 hadi 3, na ngozi yake.

Moto wa kuchoma

Nyumba zetu za mawe wazee walizijenga na jikoni juu kabisa, chini ya makuti, moshi upate pa kwenda. Ni hekima, na ni hatari. Cheche moja ya kifuu ikipeperushwa kwenye makuti makavu mtaa mzima utakufahamu. Seredani au jiko la makaa liweke sehemu isiyo na paa, upande ambao upepo unatoa cheche nje na si ndani, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Siku za upepo mkali choma chini kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani, au usichome. Usiingize makaa yanayowaka chumbani hata kwa mvua. Gesi yake haina harufu na huua watu waliolala.

Makaa ya mkwaju hushika moto mrefu. Vifuu huwaka kwa nguvu na kuisha mapema, kwa hiyo mimi huwashia vifuu na kumalizia makaa. Ukiuziwa makaa ya mikoko, jua kwamba mikoko haikatwi bila kibali, na miti hiyo ndiyo malezi ya samaki unaotaka kula mwakani.

Sasa ngoja. Hapa ndipo vibua wengi wanapoharibika, maana njaa ipo na moto unaonekana unawaka. Samaki wa mafuta hachomwi kwa ulimi wa moto. Mafuta yake yenyewe yatadondoka, moto utaruka, ngozi itakuwa mkaa na karibu na mfupa atakuwa mbichi. Ngoja mpaka makaa yavae majivu meupe na ndimi ziishe. Weka kiganja shibiri moja juu ya makaa, uhesabu polepole. Ukiweza kufika nne au tano kabla ya kuondoa mkono, moto uko sawa. Ukiishia mbili, tandaza makaa au ngoja tena. Makaa yasukume upande mmoja wa jiko, upande wa pili uache mtupu, utauhitaji.

Wakati unangoja, mtie kibua chumvi, nusu kijiko cha chai kwa samaki mmoja, ndani na nje na kwenye machanjo. Twanga kitunguu saumu punje nne, kipande cha tangawizi cha kidole gumba, pilipili mbichi moja, bizari nyembamba nusu kijiko na bizari ya manjano kidogo, umpake. Ndimu itie mwishoni, dakika kumi tu kabla ya moto. Ikikaa saa nzima nyama huwa nyeupe na kuvurugika kabla hata haijaona jiko. Mafuta ya kupikia usimpake, anayo yake.

Wavu ndio upakwe mafuta. Upashe moto vizuri, kisha kata kitunguu maji nusu, kichome kwenye uma, kichovye kwenye mafuta na uusugue nao. Laza samaki mshazari na nyaya za wavu, umwache. Usimguse. Ngozi ikishaiva huachia wavu yenyewe; ukimng'ang'ania kabla, nusu ya ngozi itabaki kwenye waya na wageni wataiona. Kibua wa gramu 250 huchukua dakika tano au sita kila upande. Mafuta yakidondoka moto ukaruka, msogeze samaki upande mtupu, moto ushuke, umrudishe. Usimwage maji: majivu yatapaa na kumkaa samaki, na mvuke utakuunguza mkono.

Ameiva ukiona jicho limekuwa jeupe kama punje ya mchele na nyama kwenye chanjo la katikati inaachana na uti ukiisukuma kwa uma. Kwa mwenye kipimajoto cha nyama, nyuzi 63 katikati.

Kama huna wavu, au unataka ladha ya zamani, mbanike. Chukua upongoo mbichi wa kuti, urefu wa mkono, uupasue katikati lakini usifike mwisho. Mwingize samaki kwenye mwanya, kichwa juu, ufunge ncha kwa ukanda wa kuti. Huo ndio ubanzi. Uchomeke kwenye mchanga ukiinamia moto, si juu ya moto, umbali wa shibiri mbili. Mafuta hudondoka mchangani, hayaruki. Huchukua dakika 30 hivi, ukimgeuza mara mbili, na kwa maoni yangu hakuna kibua mtamu kama huyu. Lakini ni kazi ya ufukweni, huko Kipungani au Manda kwenye pikiniki ya watoto. Juu ya dari utahitaji karai la mchanga.

Ukitaka wa kupaka

Watu husema wa kupaka ni wa changu na tewa, na ni kweli tui humfaa samaki mkavu. Kwa kibua au nguru punguza tui, zidisha ukwaju, la sivyo utakula mafuta juu ya mafuta. Ikune nazi moja, ukamue tui la kwanza zito, kikombe kimoja. Lipike kwa moto mdogo ukikoroga pamoja na kitunguu saumu kilichotwangwa, bizari ya manjano robo kijiko, pilipili na chumvi. Likianza kuwa zito tia rojo la ukwaju vijiko vitatu vikubwa, uliache mpaka likishikwa na kijiko halidondoki haraka. Mpake samaki akiwa amebakisha dakika tatu kuiva, upande mmoja, umgeuze, upande wa pili. Ukimpaka mapema, nazi itaungua na utakuwa na samaki mweusi mwenye uchungu.

Samaki wa moshi

Moshi tunaoufahamu sana hapa ni wa udi. Samaki mara nyingi tunamtia chumvi na jua, na papa na ng'onda huhimili hivyo miezi. Samaki wa mafuta hastahimili jua: mafuta yake yanachacha na kuwasha koo. Moshi wa moto, akiivia humo humo, ndio unaomfaa. Ila tuelewane: huyu si samaki mkavu wa kuwekwa kabatini. Ni samaki aliyeiva mwenye harufu ya moshi, na ataharibika kama samaki yeyote aliyeiva.

Chombo kwanza. Debe la mafuta ya kupikia la lita 20 latosha kilo mbili. Pipa lililokatwa ni bora ukiwa na familia kubwa. Liwe lilibeba chakula. Debe la rangi au la dawa usiliguse hata lioshwe mara saba. Kata mlango mdogo chini, upana wa kiganja, wa kuingizia makaa. Toboa matundu yanayotazamana shibiri moja na zaidi juu ya moto, upitishe vyuma vyembamba, na juu yake wavu. Waya wa kuku, ule wenye mng'ao wa zinki, usiuweke kwenye joto la chakula. Katikati ya moto na samaki tundika sahani ya bati iliyotobolewa ili idake mafuta yanayodondoka; bila sahani hiyo jaribio langu la kwanza liliwaka kama karabai. Mfuniko wangu ni gunia la mkonge lililoloweshwa na kukamuliwa.

Kuni za moshi: makumbi ya nazi, yaliyokauka kisha yakanyunyiziwa maji kidogo, pamoja na vipande vya vifuu. Basi. Maganda ya korosho yana mafuta makali, moshi wake huchoma macho na ngozi. Mbao za msonobari zina utomvu. Na kuna wanaookota mbao za jahazi kuukuu kwa sababu ni kavu na ni bure. Mbao hizo zimekunywa rangi na sifa, yale mafuta ya papa, kwa miaka. Ukimtia samaki moshi wake atanuka karakana ya majahazi ya Matondoni, na hilo ndilo dogo.

Maji ya chumvi: gramu 80 za chumvi kwa lita moja ya maji, yaani vijiko vikubwa vinne vya kufuta, na kijiko kimoja cha sukari ukipenda rangi. Lita mbili kwa kilo moja ya samaki. Yapoze kwa kubandika chombo juu ya barafu ndipo uzamishe samaki. Vibua waliofunguliwa saa moja, vipande vya nguru saa mbili. Chumvi hukaza nyama, huvuta maji, na hufanya moshi ukae. Kukisia kwa kiganja kunaweza kukutoka vizuri mara tatu, ya nne ukatupa, pima.

Watoe, suuza upesi, futa, watundike kivulini penye upepo chini ya chandarua. Unangoja ngozi nyembamba ijifanye juu ya nyama. Gusa kwa kidole: mwanzo ni mlowevu, baadaye anateleza, mwisho ananata kama gundi inayokauka. Hapo ndipo. Nyama ikiwa na maji, moshi hugeuka masizi machungu juu yake. Januari upepo mkavu hukamilisha kwa saa moja. Masika hewa ni nzito na haitakamilika. Usiongeze muda, ongeza feni. Kumbuka daktari wa zamu.

Sasa moto. Tia vipande sita au saba vya makaa yaliyokwisha kuvaa majivu, juu yake konzi ya makumbi. Mwanzoni utatoka moshi mnene mweupe wa kujikunja. Huo si wa samaki, uache upite. Ukiwa mwembamba, rangi ya buluu ya mbali, weka samaki, ngozi chini, wasigusane. Funika.

Nusu saa ya kwanza moto uwe mdogo, nyuzi 50 hadi 60 pale walipo samaki, wakauke na kushika rangi. Usizidishe saa moja hapo: ni joto la kumpendeza bakteria kuliko mpishi. Kisha ongeza makaa mpaka debe lifike nyuzi 80 au 90. Ongeza konzi ya makumbi kila dakika 20. Baada ya saa moja na kitu vipande vya nguru vitakuwa na rangi ya shaba, mafuta yametoka jasho juu. Choma kipimajoto kwenye kipande kinene kuliko vyote: kikifika nyuzi 63, kiache humo nusu saa nyingine. Kipimajoto hiki nunua, si ghali kama kitanda cha hospitali. Usiku ule wa daktari, kwa macho tu, sehewa wangu walikuwa wazuri pia, ingawa kosa lao lilikuwa barafu, si moto.

Ukiona matone meupe kama ya yai yamejitokeza juu ya nyama, moto ulipanda kwa haraka. Samaki analika, ila amekauka kidogo. Ukionja uchungu kwenye ulimi wa nyuma, moshi ulikosa hewa: fungua gunia pembeni kidogo mara nyingine.

Jirani mwambie mapema, hasa kama ameanika nguo. Mimi humpelekea kipande cha kwanza kikiwa cha moto, na tangu hapo hajawahi kulalamika.

Kumweka, na kumla

Mwache apoe wazi juu ya wavu, kivulini, asizidi saa moja. Ukimfunika akiwa moto atatoa jasho na kuota ukungu. Mfunge kwa karatasi, umtie friji chini ya nyuzi 4, umle ndani ya siku tatu au nne. Friza atakaa miezi miwili. Zaidi ya hapo mafuta huchacha hata kwenye baridi. Usimfunge kwenye nailoni isiyopitisha hewa ukamwacha mezani, maana chumvi hii na moshi huu havitoshi kuzuia bakteria wanaopenda mahali pasipo hewa, wale wa sumu ya botulini. Stima ikipotea zaidi ya saa nne na friji imepata joto, mtupe.

Kibua wa kuchoma ni wa pale pale, na kachumbari, achari ya embe na mkate wa mofa ukiupata. Nguru wa moshi huingia popote: achambuliwe juu ya sima, au awekwe ndani ya chapati na pilipili ya kukaanga. Kwa mchuzi, kaanga kitunguu na nyanya, tia tui la pili, likichemka tia tui la kwanza, na nguru aingie mwishoni, dakika tano tu, kwa kuwa ameshaiva na akipikwa tena atasambaratika. Onja kabla ya kutia chumvi. Mara nyingi aliyokuja nayo kutoka kwenye maji yale inatosha sufuria nzima.